Kuambatana: Ndoa ya Kikristo Ilikotoka

Ukiisoma Biblia tangu Mwanzo hadi Ufunuo ukitafuta ibada ya kufunga ndoa, hutaipata. Hakuna kuhani anayewashikanisha mikono bwana na bibi harusi, hakuna pete, hakuna kiapo ambacho kila mmoja anamtamkia mwenzake. Isaka alimwingiza Rebeka katika hema ya marehemu mama yake, akawa mkewe, akampenda, habari imekwisha. Boazi alikaa langoni pa mji pamoja na wazee kumi, akamalizana na ndugu aliyekuwa na haki ya kwanza, ndipo akamchukua Ruthu. Hata Kana ya Galilaya, harusi inayotajwa kuliko zote, Yohana anatuhesabia mabalasi sita ya mawe na anatueleza divai ilivyokuwa, lakini jina la bwana harusi halitaji, na bibi harusi haonekani kabisa.

Kwetu sisi jambo hili si dogo. Tumezoea ndoa ya Kikristo ianze na matangazo ya Jumapili tatu, ipitie kamati na michango, na ifikie kilele pale paroko au mchungaji anapotangaza kwamba sasa hawa ni mume na mke. Kwenye kadi tunaandika "ndoa takatifu". Utakatifu huo ulitoka wapi, ikiwa Maandiko yenyewe hayakutuachia hata sala moja ya kuufungia? Nimelisoma swali hili kwa miaka, na kila mara ninarudishwa kwenye neno moja lililomo katika sura ya pili ya Mwanzo: kuambatana. Naona historia yote ya mafundisho ya Kikristo kuhusu ndoa ni historia ya watu kulishika neno hilo, kulikwepa, na kulirudia.

Kitabu cha Mwanzo kina simulizi mbili za uumbaji, na hazisemi jambo lile lile. Katika ya kwanza, mwanamume na mwanamke wanaumbwa kwa pamoja, wote wawili kwa mfano wa Mungu, kisha wanabarikiwa wazae na kuijaza nchi. Katika ya pili, mtu yuko peke yake bustanini, na Mungu aliyekuwa ameona kila kitu kuwa chema anaona kwa mara ya kwanza kitu kisicho chema: upweke. Wanyama wanaletwa, wanapewa majina, lakini hakuna anayemfaa. Ndipo mwanamke anapofanywa. Msomaji atulie hapa kidogo, kwa sababu katika simulizi hii ya pili, ambayo ndiyo inayoishia kwenye ndoa, watoto hawatajwi hata kidogo. Nimewaona wanandoa wasiojaliwa mtoto wakitazamwa na jamaa zao, hata na waumini wenzao, kama watu ambao ndoa yao haijakamilika. Ndoa ya kwanza katika Biblia ilikuwa kamili kabla ya mimba yoyote.

Maneno mawili ya Kiebrania katika kifungu hiki yamebeba mzigo mkubwa. Neno tunalolisoma kama "msaidizi" ni *ezeri*, na Zaburi hulitumia mara kwa mara kwa Mungu mwenyewe, yeye aliye msaada wa Israeli. Kwa hiyo halimfanyi mwanamke kuwa kibarua wa mwanamume. Asiyekuwa na nguvu hawezi kumsaidia mwingine. Neno la pili ni lile tunalolisoma kama "ubavu". Katika kitabu cha Kutoka neno hilo hilo linataja upande wa sanduku la agano na upande wa maskani. Tangu zamani wapo wafafanuzi wa Kiyahudi waliolisoma hivyo: Mungu alichukua upande mzima wa mtu, si mfupa mmoja. Kila msomaji apime mwenyewe, lakini mimi naona usomaji huu unaendana vizuri na shangwe ya Adamu, anayemwona mbele yake mtu wa mfupa wake na nyama yake.

Kisha unakuja ule mstari unaosomwa kwenye harusi karibu zote: mwanamume atawaacha baba yake na mama yake, ataambatana na mkewe, nao watakuwa mwili mmoja. Tumeuzoea mno kiasi kwamba hatuoni ulivyo wa ajabu. Katika Israeli ya kale, kama katika makabila yetu mengi, anayeondoka kwao ni binti. Yeye ndiye anayeagwa kwa machozi, yeye ndiye anayekwenda kujifunza mapishi ya mama mkwe. Mwanamume hubaki kwenye boma la baba yake. Lakini Mwanzo inamtaja mwanamume kuwa ndiye wa kuacha. Sidhani mwandishi alikuwa akieleza desturi za makazi, desturi aliijua. Alikuwa akisema ni uaminifu upi unaotangulia. Kijana aliyekwisha kuoa ana deni kwa mkewe linalozidi hata deni lake kwa wazazi, na katika jamii iliyojengwa juu ya kuwaheshimu baba na mama hilo lilikuwa neno zito.

Na kitenzi chenyewe, kuambatana, kwa Kiebrania *dabaka*, kinaonekana mahali pengine kwa namna inayofundisha. Kumbukumbu la Torati hukitumia kuwaambia Waisraeli waambatane na Mungu wao. Ruthu, mjane wa Kimoabu, aliambatana na mkwewe Naomi pale Orpa aliporudi kwao. Hapa hakuna tamaa ya mwili wala faida. Ni uaminifu wa mtu ambaye angeweza kuondoka na hakuondoka. Ndiyo sababu manabii walipotafuta mfano wa agano kati ya Mungu na watu wake, walichukua ndoa. Hosea alikwenda mbali zaidi akaigusa lugha yenyewe. Kwa Kiebrania mume aliweza kuitwa *baali*, yaani bwana, mwenye mali, neno lile lile lililokuwa jina la mungu wa Wakanaani. Hosea anaitabiri siku ambayo Israeli hatamwita tena Mungu wake kwa neno hilo, bali *ishi*, mume wangu, mtu wangu. Malaki, karne kadhaa baadaye, anawakemea wanaume waliowatenda kwa hiana wake wa ujana wao, na anamwita kila mmoja wao mke wa agano.

Lakini mtu mwaminifu kwa Maandiko hawezi kurukia hapo moja kwa moja, kwa kuwa kati ya Edeni na Malaki wako akina Abrahamu, Yakobo, Elkana, Daudi na Sulemani. Wa kwanza kuoa wake wawili ni Lameki, mzao wa Kaini, mtu aliyejisifu kwa kuua. Wapo wahubiri wanaoishia kwa Lameki wakadhani wamelimaliza suala. Hawajalimaliza. Torati haikuukataza uke wenza. Kumbukumbu la Torati linaweka hata utaratibu wa urithi wa mzaliwa wa kwanza kwa mtu mwenye wake wawili, mmoja anayempenda na mwingine asiyempenda. Nathani alipomkemea Daudi kwa dhambi yake juu ya Uria, alimkumbusha kuwa Mungu ndiye aliyempa wake wa bwana wake Sauli. Maneno hayo yamo, na kuyaficha hakumsaidii mtu.

Kile ambacho sheria haikukisema, hadithi zinakisema. Hakuna nyumba ya wake wengi inayosimuliwa kwa undani katika Biblia isiyokuwa na machozi. Sara anamfanya Abrahamu amfukuze Hajiri na mtoto wake nyikani. Yakobo anafanya kazi miaka 14 kwa ajili ya Raheli, lakini Lea anazaa mwana baada ya mwana, akitaraji kwamba safari hii mumewe atamwangalia. Hana anachokozwa na Penina mwaka hadi mwaka mpaka anashindwa kula, huku Elkana, mume wao, akimuuliza kama yeye si bora kwake kuliko wana kumi. Sulemani anahesabiwa wake 700 na masuria 300, na papo hapo msimulizi anatuambia moyo wake uligeuzwa. Wasimulizi hawa waliijua ndoa ya wake wengi kutoka ndani, na walichoandika ni uchungu wake.

Mahari nayo imo. Kwa Kiebrania ni *mohari*, neno lililo jamaa wa karibu wa hili letu tulilolipata kwa Kiarabu. Shekemu yuko tayari kutoa kiasi chochote atakachotajiwa. Yakobo, asiye na kitu, analipa kwa jasho. Hakuna aya inayoikataza. Lakini familia ya Rebeka, baada ya zawadi zote kutolewa, ilimwita binti ikamuuliza kama atakwenda, naye akajibu kwa kinywa chake kwamba atakwenda. Washenga wetu wangefanya vyema kuikumbuka aya hiyo.

Sasa tuje kwenye neno dogo lililobadilisha mengi. Katika Kiebrania cha Mwanzo, mstari ule unaishia kwa kusema tu kwamba watakuwa mwili mmoja. Neno "wawili" halimo. Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki kabla ya Kristo waliliongeza: hao wawili watakuwa mwili mmoja. Injili za Mathayo na Marko zinapomwonyesha Yesu akiunukuu mstari huo, zinaunukuu pamoja na neno hilo. Wala hakuwa peke yake. Hati ya Damasko, andiko la Kiyahudi ambalo nakala zake zilipatikana Cairo na baadaye Qumran kando ya Bahari ya Chumvi, inawashutumu wanaume wanaotwaa wake wawili katika maisha yao, na hoja yake inaanza na aya ya simulizi ya kwanza ya Mwanzo, mwanamume na mwanamke aliwaumba. Inaongeza wale walioingia safinani kwa Nuhu wawili wawili. Ndoa ya mke mmoja, kumbe, haikuanza na wamisionari wa Ulaya wala na sheria za Roma. Wayahudi walikuwa wakiijadili kwa kuisoma Edeni upya.

Mjadala mkali zaidi siku zile ulihusu talaka. Sheria ilimruhusu mwanamume aliyeona kwa mkewe jambo lisilofaa amwandikie hati na kumwacha. Jambo gani? Mishna imehifadhi majibu ya shule mbili za marabi. Shule ya Shamai ilisema ni uchafu wa zinaa tu. Shule ya Hileli ilisema hata kama ameunguza chakula. Mafarisayo walipomuuliza Yesu kama ni halali mtu kumwacha mkewe kwa kila sababu, walikuwa wanamtaka achague upande. Hakuchagua. Aliiacha hati ya Musa, aliyoieleza kuwa ilitolewa kwa ugumu wa mioyo ya watu, akarudi bustanini: kilichounganishwa na Mungu mwanadamu asikitenganishe. Tukumbuke ni nani aliyekuwa akiumia. Mke aliyeachwa kwa sababu ya ugali ulioungua alitoka bila ulinzi. Katazo ambalo leo wengi wanalisikia kama kufuli lilikuwa kwanza ngao ya mwanamke.

Mathayo anaandika ruhusa moja, kwa sababu ya uasherati. Marko na Luka hawaiandiki. Juu ya maneno hayo machache makanisa yamegawanyika hadi leo. Wakatoliki hawavunji ndoa ya wabatizwa iliyokamilishwa. Wanachofanya ni kuchunguza kama ilikuwapo tangu mwanzo, na mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha utaratibu wa kuitangaza batili. Waorthodoksi hukubali kwamba ndoa inaweza kufa, na huruhusu ya pili, hata ya tatu, kwa ibada yenye sauti ya toba. Waprotestanti wengi huruhusu talaka kwa sababu ya uzinzi au kutelekezwa, wakiongeza neno la Paulo kuhusu asiyeamini anayeamua kuondoka.

Yesu alisema na jambo jingine ambalo mahubiri ya harusini huliruka. Katika ufufuo hawaoi wala hawaolewi. Yeye mwenyewe hakuoa. Paulo naye aliishi bila mke na akatamani wengine wawe kama yeye. Kwa Wayahudi wa wakati ule, ambao kuzaa kwao kulikuwa amri, na kwa dola la Roma, ambalo Kaisari Augusto aliliwekea sheria za kuwaadhibu wasiooa, huu ulikuwa msimamo mgeni. Mtu anaweza kuwa mzima mbele za Mungu bila ndoa. Mjane si lazima arithiwe na shemeji. Kwa Paulo ni huru kuolewa na amtakaye, ilimradi katika Bwana, au kubaki alivyo. Kwa sababu hiyo ndoa ya Kikristo si kitu ambacho mtu anasukumwa nacho. Ni wito, na wito hauwi wito kama huwezi kuukataa.

Katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya saba, Paulo anasema jambo ambalo sarufi yetu inapata taabu kulibeba. Kwa Kiswahili mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mmoja mtenda, mwingine mtendwa. Kwa Paulo, mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe, na hapo waandishi wengi wa zama zake wangeweka nukta. Yeye anaendelea: vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe. Kiswahili kina kitenzi cha kulibeba hilo, kuoana, ingawa tunakitumia kwa nadra mno.

Waraka kwa Waefeso, sura ya tano, ndio unaosomwa zaidi, na ndio unaotumiwa vibaya zaidi. Wengi huanza kusoma aya ya 22, wake wawatii waume zao. Lakini katika nakala za kale kabisa za Kigiriki aya hiyo haina kitenzi chake. Imekiazima kutoka aya ya 21, inayowaambia Wakristo wote wanyenyekeane. Na sehemu ya mume ni ndefu zaidi ya mara mbili ya sehemu ya mke, nayo inadai kitu kigumu kuliko kutii: ampende kama Kristo alivyolipenda kanisa, yaani hadi kufa. Mume anayeikariri sehemu ya mkewe na kuisahau yake hajausoma waraka. Mwishoni mwandishi anaunukuu tena mstari wa Edeni na kuuita siri kubwa, akisema anamnena Kristo na kanisa. Hapo ndipo kuambatana kunapofikia kimo chake chote.

Neno hilo la "siri", kwa Kigiriki *misterioni*, Biblia ya Kilatini ililiandika *sacramentum*. Tafsiri hiyo ilisaidia kuijenga imani kwamba ndoa ni sakramenti. Augustino, karibu mwaka 401, aliandika kitabu kizima juu ya wema wa ndoa na kutaja mema yake matatu: uzao, uaminifu, na kifungo kisichovunjika. Ni mafundisho makubwa, na bado yanaishi. Lakini siwezi kuyasoma bila kumkumbuka mwanamke aliyeishi naye zaidi ya miaka 10 na kumzalia mwana, Adeodato. Aliondolewa ili Augustino aposewe binti wa hadhi yake, akarudi Afrika akiapa kutomjua mwanamume mwingine. Katika maungamo yake Augustino anakiri moyo wake ulitoka damu, lakini jina la mwanamke huyo halijaandikwa popote.

Katika karne ya 12 wanasheria wa Kanisa walijiuliza ni nini hasa kinachofanya ndoa iwe ndoa. Jibu lililoshinda, chini ya Papa Aleksanda III, lilikuwa hiari: mwanamume na mwanamke wakitamka kwamba wanatwaana sasa, wameoana, hata bila padri, hata wazazi wakikataa. Lilimpa binti nguvu ambayo hakuwahi kuwa nayo. Lilileta na balaa la ndoa za siri, ambapo mwanamume aliweza kuapa usiku na kukana asubuhi. Ndiyo sababu Mtaguso wa Trento, tarehe 11 Novemba 1563, ulidai paroko na mashahidi wasiopungua wawili. Sharti hilo lilianza kutumika mahali lilipotangazwa tu. Ni amri ya Papa Pius X ya mwaka 1907 iliyolieneza kwa Wakatoliki karibu wote. Luther alikataa kuiita ndoa sakramenti, akaiona jambo la dunia na la serikali. Lakini yeye, mtawa wa zamani, alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, na utaratibu wake wa 1529 unawapa maarusi kiapo mlangoni pa kanisa, kisha neno la Mungu na baraka altareni. Kwa pande zote mbili, wanaofungana ni wale wawili. Padri anashuhudia.

Yote haya yalifika kwetu yakiwa yamefungwa kifurushi kimoja na desturi za Ulaya, na suala la uke wenza likawa jaribio lake gumu. Askofu Colenso wa Natal alitetea katika miaka ya 1850 kwamba mtu mwenye wake wengi abatizwe bila kuwafukuza. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1888 walikataa: mume asubiri, ingawa wake zake wangeweza kubatizwa katika hali fulani. Ilichukua miaka 100 kamili. Lambeth ya 1988, baada ya hoja kutoka Afrika ambazo Askofu David Gitari wa Kenya alikuwa miongoni mwa waliozisimamia, ilikubali apokewe pamoja na wake zake na watoto, akiahidi kutoongeza mwingine. Sheria ya Kanisa Katoliki bado inamtaka abaki na mmoja, ikimwamuru askofu wa mahali ahakikishe walioachwa wanatunzwa. Naamini ndoa ya mke mmoja ndiyo Edeni ilikoelekea. Lakini mwanamke aliyefukuzwa na watoto wake ili mume wake abatizwe ana haki ya kutuuliza tumemsomea mstari gani, sisi tunaohubiri kuambatana.

Jaribio la leo ni jingine. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaizuia ndoa iliyofungwa kanisani kugeuzwa ya wake wengi maadamu wote wawili wanabaki Wakristo. Sheria hiyo hiyo inaipa mahakama nafasi ya kudhania kuwa ndoa ipo pale watu walipoishi pamoja miaka 2 au zaidi na kuheshimika kama mume na mke. Kati ya vifungu hivyo viwili wanaishi waumini wengi mno. Waliposana, mahari ikaanza kulipwa, mtoto akaja, fedha ya ukumbi haikupatikana, na miaka ikapita wakiwa wametengwa na meza ya Bwana. Wameuguzana, wamezikiana wazazi. Ibada ya kufunga ndoa haidai keki wala sare; lakini tumeifunika kwa vitu hivyo mpaka maskini anaona haya kuiomba.

Parokia na sharika nyingi sasa huweka siku ya kuzibariki ndoa hizi kwa pamoja, bila gharama. Utawaona wamejipanga, wengine wana mvi, vitenge vimepigwa pasi, na wajukuu wamekaa kiti cha mbele. Mzee anarudia maneno ya kiapo polepole baada ya padri, akimshika mkono mke wake wa siku zote. Kisha daftari linafunguliwa, mashahidi wanaweka saini, na kwenye nafasi ya tarehe ya ndoa karani wa parokia anaandika tarehe ya leo.